Farrokh Bulsara na Santuri Iliyotoka Mara Mbili: Historia ya Bohemian Rhapsody, 1975–1992

1.0 Utangulizi

Wasifu wa mwanamuziki aghalabu huandikwa kwa kufuata nyimbo zake zote, au kwa kufuata yale yaliyosemwa juu yake mitaani. Makala haya yanapita njia nyembamba zaidi. Yanamtazama Farrokh Bulsara, aliyefahamika ulimwenguni kwa jina la Freddie Mercury, kupitia kitu kimoja kinachoshikika mkononi: santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika iliyotolewa Uingereza na kampuni ya EMI tarehe 31 Oktoba 1975, yenye nambari EMI 2375. Hoja ya msingi ni kwamba santuri hiyo ilitoka mara mbili kwa maana mbili. Mara ya kwanza ilimthibitisha mtu aliyejipa jina mwenyewe. Mara ya pili ilimzika. Kati ya matoleo hayo mawili lipo swali zito, nalo ni nani mwenye haki ya kumdai mtu akiisha kufa.

2.0 Kutoka Unguja hadi Ealing

Farrokh alizaliwa Mji Mkongwe, Unguja, tarehe 5 Septemba 1946. Wazazi wake, Bomi na Jer Bulsara, walikuwa Waparsi wenye asili ya Gujarat na wafuasi wa dini ya Zoroasta. Baba alikuwa mtunza fedha katika utumishi wa serikali ya kikoloni. Akiwa na umri wa miaka minane hivi alipelekwa India kusoma katika shule ya bweni ya St Peter's, Panchgani. Huko alijifunza piano na kupiga katika bendi ya wanafunzi iliyoitwa The Hectics. Alirejea Unguja mwaka 1963, lakini Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaliifanya familia yake, kama familia nyingi za Kihindi na za Kiarabu, iondoke visiwani. Ilihamia Feltham, magharibi ya London.

Mwaka 1969 alihitimu stashahada ya sanaa ya michoro katika chuo cha Ealing. Mwaka uliofuata aliunda bendi ya Queen pamoja na Brian May na Roger Taylor, naye John Deacon akajiunga mwaka 1971. Ni katika kipindi hicho jina la Bulsara lilipoachwa na jina la Mercury likashika nafasi yake. Hizo zilikuwa zama za glamu, yaani mtindo wa roki wa wanaume waliopaka rangi usoni na kuvaa nguo za kumetameta. Queen waliingia sokoni kwa mlango huo, japo hawakudumu humo. Mnamo 1973 Mercury alirekodi santuri moja kwa jina la kubuni la Larry Lurex, lililofanyia mzaha majina ya waimbaji wa glamu. Kwa hiyo suala la kuvaa jina kama vazi halikuwa geni kwake. Santuri ya Killer Queen, iliyotoka 1974, ilifika nafasi ya pili katika chati za Uingereza na kuwafungulia njia.

3.0 Toleo la 1975

Kazi ya kurekodi Bohemian Rhapsody ilianza Agosti 1975 katika studio ya Rockfield, Wales, chini ya mtayarishaji Roy Thomas Baker. Sehemu ya kati, inayoiga opera, ilijengwa kwa sauti za watu watatu tu, Mercury, May na Taylor, zilizorekodiwa juu ya nyingine mara nyingi mno hata zikasikika kama kwaya. Katika sehemu hiyo limo neno la Kiarabu la kufungulia jambo kwa jina la Mungu, ambalo mtoto wa Mji Mkongwe hulisikia kila siku. Hiyo si hoja ya kutosha kuuita wimbo huo wa Kizanzibari. Ni alama ndogo tu isiyopaswa kupuuzwa wala kukuzwa.

Urefu wa wimbo ulikuwa dakika 5 na sekunde 55, ilhali santuri ndogo za wakati huo zilikuwa za dakika tatu hivi. Wakuu wa kampuni walihofia kwamba redio zingeikataa. Mtangazaji Kenny Everett wa Capital Radio, London, aliyepewa nakala kabla ya santuri kutoka, aliupiga wimbo huo mara 14 katika siku mbili, na wasikilizaji wakaanza kuiulizia madukani. Hofu ya wakuu ikakosa msingi. Mwezi Novemba bendi ilitengeneza filamu fupi ya wimbo huo huko Elstree chini ya mwongozaji Bruce Gowers, nayo ikaonyeshwa katika televisheni. Santuri ilikaa kileleni kwa wiki tisa, na ikauza zaidi ya nakala milioni moja. Huko Marekani ilifika nafasi ya tisa mwaka 1976.

4.0 Upande wa Pili

Santuri ina pande mbili, na kila upande una mrabaha wake. Upande wa pili uliwekwa I'm in Love with My Car, wimbo wa Taylor. Kwa kuwa anunuaye santuri hununua pande zote mbili, Taylor alipata mrabaha sawa na Mercury, na jambo hilo lilizua manung'uniko ya miaka mingi ndani ya bendi. Ni mwaka 1989 tu, katika albamu ya The Miracle, walipoanza kuandika nyimbo zote kwa jina la bendi nzima.

Mwaka 1978 EMI ilitoa nakala 200 za rangi ya buluu, zenye nambari zilizoandikwa kwa mkono, kuadhimisha tuzo ya kampuni hiyo ya biashara ya nje. Bidhaa ya umma ikawa kitu cha kuhifadhiwa kabatini.

5.0 Toleo la 1991

Tarehe 23 Novemba 1991 Mercury alitangaza kwamba ana UKIMWI. Kesho yake alifariki, akiwa na miaka 45, na mazishi yake yalifanywa kwa taratibu za Kizoroasta. Mwezi Desemba wimbo ulitolewa upya pamoja na These Are the Days of Our Lives, na mapato yakapelekwa kwa Terrence Higgins Trust, shirika linalosaidia waathirika wa UKIMWI. Ulikaa kileleni tena kwa wiki tano. Mwaka 1992, baada ya kutumika katika filamu ya Wayne's World, ulifika nafasi ya pili Marekani.

6.0 Hitimisho

Unguja nayo ilichelewa kuamua. Mwaka 2006 sherehe iliyokusudiwa kuadhimisha miaka 60 ya kuzaliwa kwake ilipingwa na kundi la kidini. Mwaka 2019 makumbusho yenye jina lake yalifunguliwa Shangani. Pande zote mbili zilimdai au kumkana Mzanzibari. Lebo ya santuri, hata hivyo, inamtaja mtunzi kwa neno moja tu, Mercury. Mtafiti anayetaka kumrejesha Bulsara nyumbani hana budi kuanza kwa kukiri kwamba mwenyewe, alipopewa nafasi ya kuandika jina, hakuliandika hilo.