Padre Charles Sacleux na maneno ya pwani

Sisi tuliotoka Nyamigogo tulijua silabi kabla ya kufundishwa. Jina la kwetu hujigawa lenyewe: Nya-mi-go-go, kila silabi ikiishia kwenye irabu. Seminarini tukakutana na Kilatini, ambako kitenzi scribere huongezewa kiambishi mbele kikawa describere au transcribere, na Wahispania wakarithi describir na transcribir. Tukadhani kuchambua maneno hivyo ni elimu ya Ulaya tu, mpaka tuliposoma habari za Padre Sacleux.

Alizaliwa kaskazini mwa Ufaransa mwaka 1856, akaingia Shirika la Roho Mtakatifu, na mwaka 1879 akaja pwani yetu. Misioni ya Bagamoyo ilikuwepo tangu 1868, ikiwapokea watu waliokombolewa utumwani. Huko na Zanzibar alikaa karibu miaka 20. Alipenda pia mimea. Alikusanya mingi, na wataalamu wakaiita jenasi moja Sacleuxia kwa heshima yake.

Mwaka 1891 ilitoka Zanzibar kamusi yake ya Kifaransa na Kiswahili. Mwaka 1909, akiwa amekwisha kurudi Ufaransa, alichapisha sarufi, pamoja na sarufi ya lahaja. Kisha akaendelea na kazi ileile, mwaka hata mwaka, mbali na bahari alikoyasikia maneno hayo. Kamusi kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ilitoka Paris kati ya 1939 na 1941, vita vikiendelea, naye amepita miaka 80. Alifariki mwaka 1943.

Kamusi hiyo haikutosheka na maana. Ilieleza neno ni la Kimvita, Kiamu au Kingazija, na lilitoka lugha gani. Njia hiyo hufunua mambo. Mfano ni gereza: mzizi wake ni igreja ya Kireno, yaani kanisa, nayo imetokana na ecclesia ya Kilatini. Ulimi wa Mswahili haukutaka g na r zigandane, ukaweka irabu katikati: ge-re-za. Au kitabu cha Waarabu, ambacho Waswahili walikisikia kana kwamba kina kiambishi ki-, wakasema vitabu. (Kanisa kugeuka jela, hilo tunawaachia walimu wa historia.)

Wakati Sacleux akikamilisha kazi yake, serikali za kikoloni zilikuwa zimekwisha kuteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ilianza mwaka 1930. Lahaja nyingine zikabaki pembeni. Yeye alizipa nafasi, ila kwa Kifaransa, na ndiyo maana wengi wetu hatuwezi kuisoma kamusi ya lugha yetu wenyewe. Jambo jingine linatuuma: jalada lina jina lake peke yake, wala si la wale waliomjibu maswali miaka yote hiyo.

Likizo iliyopita tulianza daftari la maneno ya Kihangaza. Tuliandika umuntu, tukakata u-mu-ntu, tukaweka mtu wa Kiswahili kando yake, tukajiona wajuzi. Bibi mmoja akatusahihisha matamshi ya neno lililofuata mara tatu, akicheka. Jina lake tumeliandika ukurasa wa kwanza.