Herufi Iliyopotea Katika Jina la Buddy Holly

Katika mihadhara yangu ya fonolojia, tunapofikia somo la silabi, huwa nawasikizisha wanafunzi wimbo mfupi wa Kimarekani uitwao Rave On, uliorekodiwa mwaka wa 1958. Neno lake la kwanza kwa kawaida lina silabi moja tu, lakini mwimbaji analipasua vipande sita, mithili ya mtu aliyeshikwa na kwikwi. Wanafunzi hucheka. Kisha huniuliza mwimbaji huyo ni nani, nami huwaonyesha jalada la The Buddy Holly Story, santuri ya nyimbo 12 zilizoteuliwa kuwa bora zaidi miongoni mwa nyimbo zake. Ilitolewa mwaka wa 1959, wiki chache tu baada ya mwenyewe kuzikwa. Alikuwa na umri wa miaka 22.

Anayesikiliza santuri hiyo bila kujua historia yake atadhani kwamba huyu alikuwa kijana wa bahati, aliyepanda ngazi ya sifa pasipo kuteleza. Sivyo hata kidogo.

Charles Hardin Holley alizaliwa tarehe 7 Septemba 1936 mjini Lubbock, jimbo la Texas, akiwa kitinda mimba wa familia ya watoto wanne. Alilelewa katika muziki wa Wazungu wa mashambani, lakini usiku alitega sikio kwenye redio za mbali zilizopiga muziki wa Wamarekani Weusi, huku mji wake wenyewe ukiwatenga watu kwa rangi. Mnamo 1956 kampuni ya Decca ilimpa mkataba, na katika karatasi hizo jina lake likaandikwa bila ile herufi e. Hakulirekebisha. (Nami jina langu liliwahi kukosewa katika cheti, nikahangaika miezi mingi na hati za kiapo, namwelewa kijana aliyeona heri kunyamaza.)

Hilo halikuwa kosa kubwa la mkataba huo. Huko Nashville alipewa wapigaji na mtindo usiokuwa wake, nyimbo zake hazikununuliwa, na mapema mwaka wa 1957 Decca ikaamua kutomwongezea muda. Hata hivyo, kifungu kimoja kilimkataza kurekodi upya, kwa miaka mitano, nyimbo alizokwisha kuwarekodia, ukiwemo ule wa That'll Be the Day alioutunga pamoja na mpiga ngoma wake, Jerry Allison. Yaani walikuwa wameukataa, na bado waliushikilia. Holly alikwenda Clovis, New Mexico, kwenye studio ya Norman Petty, akaurekodi upya mwezi wa Februari, na jina lake likafichwa nyuma ya jina la bendi, The Crickets. Kichekesho ni kwamba kampuni iliyoutoa, Brunswick, ilikuwa mali ya Decca hiyo hiyo! Septemba 1957 wimbo huo ulikuwa wa kwanza Marekani nzima.

Petty alimpa uhuru na muda, kwa kuwa hakutoza malipo kwa saa. Ndiyo maana katika Everyday tunasikia Allison akipiga mapaja yake badala ya ngoma. Fikira kama hiyo haizaliwi pale saa ya ukutani inapohesabu fedha. Lakini uhuru huo ulilipiwa vingine. Petty alijiandikisha kuwa mtungaji mwenza wa nyimbo nyingi, na mapato yakapitia mikononi mwake. Walipoachana mwishoni mwa 1958, fedha zilizuiliwa. Holly, aliyekuwa amemwoa Maria Elena Santiago mwezi wa Agosti na kuhamia New York, alikuwa maarufu asiyekuwa na pesa mfukoni. It's So Easy, uliomo katika santuri hii ya nyimbo bora, haukuingia hata katika orodha ya nyimbo 100 zilizouzwa zaidi Marekani ulipotolewa mwaka huo.

Kwa hiyo alikubali ziara ya majira ya baridi, Januari 1959, katika mabasi mabovu yasiyokuwa na joto. Mpiga ngoma wake mpya alilazwa hospitalini kwa miguu iliyoumia kwa baridi kali. Usiku wa tarehe 2 Februari, baada ya onyesho mjini Clear Lake, Iowa, Holly alikodi ndege ndogo. Ilianguka shambani muda mfupi baada ya kuruka, saa za usiku wa manane kuamkia tarehe 3, ikamuua yeye, Ritchie Valens wa miaka 17, J. P. Richardson, na rubani. Maria Elena, aliyekuwa mjamzito, alipata habari hizo kupitia televisheni. Mimba hiyo ikaharibika.

Santuri ilinunuliwa kwa miaka kadhaa, Marekani na hususan Uingereza, ambako vijana wa Liverpool walikuwa wamekwisha kuanza kuiga nyimbo zake. Kwenye jalada jina limeandikwa kama lilivyokuwa katika mkataba. Kwenye jiwe la kaburi lake, huko Lubbock, familia iliandika Holley.