Edward Coode Hore

Edward Coode Hore (London, Uingereza, 1848 – Tasmania, Australia, 1912) alikuwa baharia na mmisionari Mwingereza wa Shirika la Misheni la London (kifupi: LMS). Alifika Ujiji, katika Mkoa wa Kigoma wa leo, mwaka 1878, akiwa katika kundi la kwanza la wamisionari Waprotestanti waliojaribu kuanzisha kanisa kando ya Ziwa Tanganyika. Anakumbukwa zaidi kwa kulichunguza ziwa hilo na kuthibitisha kwamba maji yake hutoka kupitia mto Lukuga.

Asili ya safari

Hore hakuwa mchungaji. Alisomea ubaharia, akapata cheti cha unahodha na kufanya kazi katika meli za biashara kabla ya kujiunga na LMS. Shirika hilo lilitegemea hasa makanisa ya Kikongregasheni, yaani yale ambayo kila ushirika wa mahali hujitawala bila askofu. Ndilo lililomtuma David Livingstone Afrika kwa mara ya kwanza. Baada ya kifo cha Livingstone, tajiri Robert Arthington wa mji wa Leeds alijitolea kuwapa pauni 5,000 ili wafungue misheni kwenye Ziwa Tanganyika na kuweka chombo cha majini huko. Ndiyo sababu kundi la wahubiri lilihitaji nahodha.

Msafara uliondoka pwani karibu na Saadani mwaka 1877. Kiongozi wake, Roger Price, aliyekuwa na uzoefu wa Afrika Kusini, aliamini kwamba magari ya kukokotwa na ng'ombe yangeondoa haja ya wapagazi. Ng'ombe wakafa kwa maradhi ya mbung'o, na Price akarudi Uingereza kutoa taarifa. Waliobaki walisonga mbele kwa njia iliyokuwa ikitumiwa siku zote, yaani mizigo mabegani mwa wapagazi. Walipitia Urambo kwa mtemi Mirambo, wakaingia Ujiji tarehe 23 Agosti 1878. Walikuwa watatu: J. B. Thomson, Walter Hutley na Hore.

Thomson, aliyekuwa mkuu wao, alifariki mwezi mmoja tu baadaye. Arthur Dodgshun, aliyekuwa nyuma na mizigo, alifika mwaka 1879 akiwa mgonjwa, naye akafa baada ya siku chache. Katibu wa shirika, Joseph Mullens, aliamua kwenda mwenyewe kutoka London kusaidia, lakini alifia njiani mwaka huohuo na kuzikwa Mpwapwa. Hivyo kazi ya misheni ikabaki mikononi mwa baharia na kijana fundi ambao hakuna hata mmoja aliyewekewa mikono.

Ujiji

Ujiji wa wakati ule ulikuwa mji wa biashara ya pembe za ndovu, chumvi ya Uvinza, samaki, mawese na watumwa. Fedha yake ilikuwa ushanga. Mkubwa wa mji alikuwa Mwinyi Kheri, mfanyabiashara Mswahili kutoka Mrima, ambaye alikuwa amejenga uhusiano mzuri na wenyeji. Yeye na wenzake walikuwa na sababu ya kuwashuku wageni. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alikuwa amelazimishwa na Waingereza kufunga soko la watumwa la Unguja, na Mwingereza anayekaa Ujiji angeweza kuandika barua kwa balozi mdogo John Kirk kila wiki akieleza aliyoyaona. Walimkaribisha Hore kwa adabu za pwani, lakini walimzuia kupata kiwanja cha kujenga. Alikaa katika nyumba ya kupanga.

Wengi huandika habari hizi kana kwamba ni ugomvi wa dini. Lakini ukifuatilia mambo yalivyokwenda, hofu ya kupoteza biashara ilikuwa kubwa kuliko hofu ya mahubiri. Hore mwenyewe aliishi na wafanyabiashara hao kwa amani kwa miaka mingi, akatibu wagonjwa wao na kutengeneza vyombo vyao.

Nchi ya juu ya Waha, yaani Heru (Kasulu ya leo) na Muhambwe (Kibondo), haikuguswa. Misafara ilikuwa ikiikwepa kwa sababu ya hongo nzito waliyotoza watawala wake. Henry Morton Stanley alitoroka huko usiku mwaka 1871 ili asimalize vitambaa vyake. Watu wa LMS nao walipita kusini, kwa njia ya Uvinza na mto Malagarasi. Uprotestanti ulifika milima hiyo katika karne ya 20, kwa kazi ya Wajerumani wa Misheni ya Neukirchen na baadaye Waanglikana kutoka Australia. Dayosisi ya Kianglikana ya Western Tanganyika, yenye makao Kasulu, ilianzishwa mwaka 1966.

Uchunguzi wa ziwa

Wakati huo wataalamu wa Ulaya walikuwa wakibishana kama Ziwa Tanganyika lina mlango wa kutokea. Verney Lovett Cameron aliuona mdomo wa Lukuga mwaka 1874. Stanley alipofika mwaka 1876 aliukuta umezibwa na mimea ya majini. Mwaka 1879 Hore alikwenda kwa mashua yake, *Calabash*, akakuta maji yanatoka kwa nguvu kuelekea magharibi. Kizuizi kilikuwa kimevunjika. Alifuatilia pia kushuka kwa maji ufukoni Ujiji. Ndiyo sababu mahali ambapo Livingstone na Stanley walikutana leo pako mbali na maji.

Alichora ramani ya ufuko na kuandika juu ya makabila kumi na mawili yanayolizunguka ziwa, wakiwemo Waha.

Kavala na vyombo vya misheni

Kwa kuwa Ujiji haikuwapa ardhi, wamisionari walifungua kituo Mtowa, ng'ambo ya ziwa katika Kongo ya leo, na baadaye kisiwa cha Kavala. Hore alirudi Uingereza, akamwoa Annie Boyle mwaka 1881, kisha akaleta mashua ya chuma *Morning Star* iliyobebwa vipandevipande kutoka pwani hadi Ujiji, ambako iliunganishwa mwaka 1883. Meli ya mvuke *Good News* ililetwa kwa njia ya Ziwa Nyasa na kushushwa majini kusini mwa Tanganyika mwaka 1885. Baadhi ya mafundi wake walikufa kabla haijakamilika.

Annie alifika Ujiji mwanzoni mwa 1885 akiwa na mtoto wao mdogo, Jack, baada ya siku 90 za kubebwa na wapagazi katika kiti. Alifundisha wasichana kisiwani Kavala na kuandika kitabu kuhusu safari hiyo. Jack hakuishi muda mrefu baada ya familia kurejea Uingereza.

Hore aliondoka mwaka 1888. Kavala ikaachwa, na LMS ikahamishia nguvu zake kusini, katika Zambia ya leo. Kwa muda wote huo hakukuwa na ushirika wa Kikristo uliosimama Ujiji, na mji huo hadi leo una Waislamu wengi.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1892 alichapisha kitabu kuhusu miaka yake 11 ya Afrika ya Kati. Baadaye alirudi baharini, akihudumu katika *John Williams*, meli ya LMS ya visiwa vya Pasifiki. Alihamia Tasmania na familia yake, akafariki huko mwaka 1912.