Lumumba: mutu aliyechunguzwa mpaka ndani ya nyumba

Ukitoka hapa Lubutu na kufata barabara mpaka Kisangani, unafika muji ambamo Patrice Lumumba alianza kujulikana. Wengi tunamujua kwa hotuba na kwa kifo chake. Leo tuzungumuze kwanza juu ya karte moja.

Alizaliwa mwaka wa 1925 ku Onalua, Sankuru. Akiwa kijana alipita kwetu Maniema, akatumika ku Kalima kwa kampuni ya Symétain, halafu mwaka wa 1944 akaenda Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo. Huko akapata kazi ya posta.

Wakati ule Wabelgiji walikuwa na karte ya imatrikilasyo, kwa mutu mweusi aliyetaka kuhesabiwa karibu sawa na muzungu mbele ya sheria. Lakini haikutosha kusoma na kutumika vizuri. Watu wa serikali walikuja nyumbani. Waliangalia kitanda, sahani, uma na choo, wakachunguza namna baba anaishi na bibi yake na kulea watoto. Fikiria mugeni anafungua mulango wa chumba chako, anaandika kwa karatasi! Lumumba aliomba, wakamukatalia. Hakuacha, akaipata mwaka wa 1954. Katika nchi ya watu zaidi ya milioni 10, walioipata walikuwa kama 200 tu.

Na ilimusaidia nini? Kidogo sana. Mwaka wa 1956 alifungwa kwa sababu ya feza za posta alizozichukua, tusilifiche hilo. Alipotoka, mwaka wa 1958 akaanzisha MNC pamoja na wenzake, akafungwa tena kisha fujo za Stanleyville za 1959, na mwezi wa sita 1960 akawa Waziri Mukuu.

Hata pale nyumba yake haikuwa yake. Kisha kuondolewa madarakani, tangu mwezi wa kumi 1960 alikaa Léopoldville akizungukwa na mistari miwili ya askari. Wa ndani walikuwa wa ONU, kwa kumulinda. Wa inje walikuwa wa Mobutu, kwa kumushika akitoka. Usiku wa tarehe 27 mwezi wa kumi na moja, mvua ikinyesha, alijificha ndani ya gari na kupita katikati yao, akitaka kufika Stanleyville. Njiani alisimama mara mingi kuongea na watu. Ku Lodi, kwenye muto Sankuru, alikuwa amekwisha kuvuka, lakini bibi yake Pauline na mutoto walibaki ngambo ya nyuma. Akarudi kwao, wakamukamata.

Tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961 aliuawa Katanga, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Mwili uliharibiwa kwa asidi. Polisi mumoja Mubelgiji alichukua jino lake, akalibeba kwao. Jamaa yake walirudishiwa jino hilo mwezi wa sita 2022, kisha miaka zaidi ya 60.