Forsyth: Kasisi aliyetibu bunduki iliyogoma kulia

Alexander John Forsyth alizaliwa mwaka wa 1768 huko Belhelvie, Scotland, na akawa kasisi wa kijiji hicho kama babake. Akiwinda ndege, alikerwa na bunduki ya gumegume: ndege waliuona mwako wa cheche na kukwepa kabla ya marisau kuwafikia. Nayo mvua iliponyesha, baruti ililowa na bunduki ikagoma kulia.

Forsyth aliacha gumegume, akatumia kemikali inayolipuka ikigongwa. Mnamo 1806 alianza majaribio katika Mnara wa London, lakini mwaka uliofuata mkuu mpya wa silaha alimtimua. Alipata hataza mwaka huo wa 1807.

Jeshi la Uingereza liliukumbatia uvumbuzi huo akiwa tayari mzee. Alifariki mwaka wa 1843, na sehemu kubwa ya fidia ikawaendea jamaa zake.

Hadi leo, bunduki yenye mitutu miwili, mmoja juu ya mwingine, hutegemea wazo lake: pini kugonga fataki. Ikigoma, mwindaji mwangalifu husubiri mitutu ikielekea pasipo watu, huitoa risasi, kisha hukagua fataki, pini na springi.