Karani wa Posta Aliyenunua Ugomvi

Kila muhula hoja ile ile lazima irudi kwenye kikao cha michezo. Timu imeshinda, kombe limepigwa picha na wakubwa, halafu mchezaji akiuliza nauli ya kurudi hosteli anaambiwa awe na moyo wa kujitolea. Mimi nikisikia hayo maneno namkumbuka Albert Baskerville, kijana wa New Zealand aliyefariki mwaka 1908 akiwa na miaka 25 tu. Umri wa wengi wetu hapa, tena kuna wanaoupita na bado wana masomo ya kurudia.

Wengi hapa chuoni tunajua raga moja tu, ile ya watu 15. Ipo nyingine ya watu 13, raga ya ligi, na kuzaliwa kwake ni ugomvi wa hela. Kaskazini mwa Uingereza wachezaji walikuwa wachimba makaa na watu wa viwandani. Jumamosi ilikuwa siku ya kazi, kwa hiyo ukienda kucheza, mshahara unakatwa. Klabu za huko zikaomba zimfidie mchezaji ile siku aliyoikosa. Mabwana wa raga kule London wakakataa katakata, eti mchezo ni wa ridhaa. Agosti 1895, kwenye hoteli moja mjini Huddersfield, klabu za kaskazini zikajitoa na kuunda chama chao, Muungano wa Kaskazini. Mwaka 1906 wakapunguza wachezaji kutoka 15 hadi 13 ili mpira ukimbie na watazamaji wafurahi.

Sasa turudi kwa Baskerville. Alizaliwa Januari 1883, akawa karani wa posta mjini Wellington. Raga alicheza, ila hakuwa nyota, na timu ya taifa hakuwahi kuivalia jezi. Kipaji chake kilikuwa kwenye kalamu na mipango. Mwaka 1907 alitoa kitabu cha kufundisha raga kwa mtindo wa New Zealand, na sidhani kama kulikuwa na makarani wengi wa posta wa umri wake waliokuwa wakiandika vitabu.

Miaka miwili kabla ya hapo, timu ya taifa ya New Zealand ilikuwa imezunguka Uingereza na kupigisha watu magoti. Ilicheza mechi 35 ikapoteza moja tu. Viwanja vilijaa, mapato ya mlangoni yakaingia chamani, na mchezaji akapewa posho ya shilingi 3 kwa siku. Wakarudi nyumbani na sifa, mifuko mitupu.

Baskerville akauandikia Muungano wa Kaskazini barua, akiomba alete timu. Wakakubali. Hapo ndipo kazi ilipoanza, maana ilibidi ifanywe kimyakimya na majina ya wachezaji yafichwe. Kila mmoja alitakiwa atoe paundi 50 zake mwenyewe, fedha nyingi sana kwa mfanyakazi wa enzi hizo, na faida ingegawanywa kwa wote. Naomba hapo tusimame kidogo. Watu walidhani hawa ni mamluki wa kununuliwa. Kumbe walikuwa kama chama cha ushirika: kila mtu ana hisa, na hasara ikija ni ya wote.

Chama cha raga cha nchi yake kikawaka moto. Yeye akaacha kazi posta, na chama kikamfungia maisha. Magazeti nayo yakaibatiza timu jina la kejeli, All Golds, kwa maana ya watu wa dhahabu, wakiigeuza All Blacks. Hata hivyo wanne waliokuwemo kwenye ile safari ya 1905 walijiunga naye, mmoja wao George Smith.

Agosti 1907 wakapitia Sydney, wakacheza mechi 3 na wakashinda zote. Ya kwanza ilivuta karibu watu 20,000. Cha kuchekesha, walicheza kwa sheria za raga ya zamani, kwa sababu hiyo mpya hakuna aliyeijua! Walikuwa wameweka paundi 50 kwa mchezo ambao hawajawahi kuucheza. Hapo hapo Sydney wakamchukua Dally Messenger, mchezaji hatari kuliko wote wa mji ule. Sheria wakajifunza walipofika Leeds, na tarehe 9 Oktoba wakaichapa Bramley 25 kwa 6.

Baskerville alicheza mara chache, maana mwenyewe ndiye alikuwa katibu. Kwenye mechi 3 za majaribio dhidi ya Uingereza walifungwa ya kwanza Leeds, wakashinda ya pili London na ya tatu Cheltenham.

Wakati wa kurudi walipita tena Australia, ambako ligi mpya ya Sydney ilikuwa ndiyo kwanza imeanza. Tarehe 9 Mei 1908 Baskerville akaingia uwanjani kuichezea nchi yake dhidi ya Australia, akafunga trai, na New Zealand ikashinda 11 kwa 10. Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho. Kwenye meli ya kwenda Brisbane akaugua nimonia, na tarehe 20 Mei akafariki huko Brisbane. Wenzake wakamrudisha Wellington, akazikwa makaburi ya Karori.

Tarehe 13 Juni wale wachezaji wakagawanyika timu mbili, wakacheza Wellington, na mapato yakaenda kwa mama yake. Hiyo ndiyo mechi ya kwanza ya raga ya ligi kuchezwa katika ardhi ya New Zealand. Aliyeuleta mchezo hakuwahi kuuona ukichezwa kwao.

Mwaka 1909 Auckland wakaunda chama chao cha mkoa, na 1910 ligi ya klabu ikaanza kwa timu nne: City, Newton, North Shore na Ponsonby. City wakabeba ubingwa. Na hawa vijana wa mitaani, waliorithi mchezo uliotukanwa kuwa ni wa wapenda hela, walikuwa wachezaji wa ridhaa. Jumatatu asubuhi kila mtu alirudi kazini kwake.