Robert Koch, kipindupindu na kirusi kilichojificha ndani ya bakteria

Sisi wauguzi wa jamii tukienda vijijini kuzungumzia maji salama, iwe Mbeya au Iringa, swali moja halikosekani: maji ya mto huu tumeyanywa tangu enzi za babu zetu, iweje leo tuambiwe yanaua? Ni swali zuri, na halistahili kujibiwa kwa hasira. Hata wanasayansi wakubwa walihangaika nalo kwa zaidi ya miaka 100. Mmoja wao ni daktari aliyewahi kufika Iringa kwa miguu yake, Robert Koch. Ukifuata maisha yake utaona ni wapi alipata jibu, na ni wapi jibu lake liliishia njiani.

Daktari wa wilaya

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji wa Clausthal, Ujerumani, ambako baba yake alifanya kazi katika migodi. Alisomea udaktari Göttingen na kuhitimu mwaka 1866. Mwaka huohuo, akiwa Hamburg, alikutana na kipindupindu kwa mara ya kwanza. Wakati ule wataalamu wengi waliamini kwamba ugonjwa huu unaletwa na hewa mbaya inayopanda kutoka ardhini.

Mwaka 1872 aliajiriwa kuwa mganga wa wilaya katika mji mdogo wa Wöllstein, ambao leo uko Poland. Hakuwa na maabara. Alikuwa na hadubini, chumba kidogo nyumbani na wagonjwa wa kutosha. Humo ndimo alimochunguza kimeta, ugonjwa ambao wafugaji wetu wanaufahamu vizuri. Mwaka 1876 alithibitisha kwamba kimeta husababishwa na bakteria wa aina moja maalumu. Alipohamia Berlin alijishughulisha na kifua kikuu, na tarehe 24 Machi 1882 akatangaza kwamba amempata bakteria anayekisababisha.

Mafanikio hayo hayakuwa ya mtu mmoja. Fanny Hesse, mke wa msaidizi wake Walther Hesse, ndiye aliyependekeza kuotesha bakteria juu ya agari, unga wa mwani aliokuwa akiutumia jikoni kugandisha vyakula. Hadi leo, sampuli ya choo ikipelekwa maabara kupimwa kipindupindu, bakteria huoteshwa juu ya agari.

Safari ya Misri na India

Mwaka 1883 kipindupindu kilizuka Misri. Ujerumani ikamtuma Koch, na Ufaransa ikatuma kundi lake. Kazi hiyo ilikuwa ya hatari: mtafiti mmoja wa Kifaransa, Louis Thuillier, aliugua kipindupindu akafa Alexandria. Mlipuko wa Misri ulipopungua, Koch alivuka bahari hadi Calcutta, India. Huko, mwanzoni mwa mwaka 1884, aliweza kumtenga bakteria mwenye umbo la mkato, aliyepinda kama nukta ya mkato. Alimkuta kwenye matumbo ya waliokufa kwa kipindupindu, na pia kwenye bwawa ambalo watu walilitumia kwa kuoga, kufua na kunywa.

Haki isemwe pia kwamba mwaka 1854 Mwitaliano Filippo Pacini alikwisha kumwona bakteria huyo kwa hadubini yake mjini Florence, ila hakusikilizwa. Koch yeye alisikilizwa. Alihisi pia jambo moja lililokuja kuwa kweli: kwamba bakteria huyo huua kwa sumu anayoimwaga tumboni, kwa sababu hakumwona akisambaa mwilini. Sumu hiyo ilithibitishwa mwaka 1959 na Sambhu Nath De, akiwa Calcutta kulekule.

Mwaka 1892 kipindupindu kiliipiga Hamburg na kuua watu zaidi ya 8,000. Mji wa Altona ulikuwa umepakana nao, na wote walitumia maji ya mto mmoja, Elbe. Altona walichuja maji yao kwa mchanga. Hamburg hawakuchuja. Altona walioathirika walikuwa wachache sana. Koch alitumwa Hamburg kusaidia, na matokeo ya miji hii miwili yakawa ushahidi mkubwa wa kwamba ugonjwa unapita kwenye maji.

Jambo ambalo Koch hakuweza kulieleza

Lakini bado palikuwa na mwiba. Mwaka huohuo wa 1892, mpinzani wake Max von Pettenkofer wa Munich alikunywa bakteria wa kipindupindu mbele ya mashahidi. Aliharisha kidogo tu, akapona. Koch mwenyewe alianza kuwakuta watu wazima wa afya waliokuwa na bakteria hao kwenye choo bila dalili yoyote. Baadaye wataalamu waliwapata bakteria wanaofanana nao kwenye mito, mabwawa na midomo ya bahari sehemu nyingi duniani, mahali ambapo hakuna mgonjwa hata mmoja.

Koch alikuwa amefundisha kwamba kila ugonjwa una kimelea chake, na kimelea kikipatikana, ugonjwa umepatikana. Sasa palikuwa na bakteria wenye sura moja na jina moja, wengine wauaji na wengine wapole. Tofauti ilikuwa nini? Hadubini yake haikuweza kumwonyesha.

Koch katika ardhi yetu

Koch alikuja Afrika Mashariki zaidi ya mara moja. Kati ya 1897 na 1898 alifanya kazi Dar es Salaam, akichunguza malaria na magonjwa mengine. Mwaka 1905 alirudi na kufuata njia za misafara kuelekea Uhehe, yaani Iringa, miaka 7 tu baada ya kifo cha Chifu Mkwawa. Alichunguza papasi, wale kupe wanaojificha kwenye sakafu za udongo, waliokuwa wakiwauma wasafiri usiku na kuwaambukiza homa inayorudiarudia. Aligundua kwamba papasi huwarithisha watoto wao vimelea hivyo kupitia mayai. Mwishoni mwa mwaka huohuo alipokea Tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya kifua kikuu.

Usimfanye malaika. Mwaka 1890 alitangaza dawa ya kifua kikuu iitwayo tuberkulini kabla ya kuipima vya kutosha. Haikuponya, na wagonjwa wengine walidhurika. Kati ya 1906 na 1907, katika visiwa vya Sese nchini Uganda, aliwatibu wagonjwa wa malale kwa atoksili, dawa yenye arseniki, na kuongeza dozi. Baadhi yao walipofuka. Walikuwa Waafrika chini ya utawala wa kikoloni, na nafasi yao ya kukataa ilikuwa ndogo. Unapomwona mhudumu leo akikueleza dawa na kukuomba ridhaa kabla ya kukutibu, ujue utaratibu huo ulipatikana baada ya watu wengi kuumizwa.

Koch alifariki Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910.

Nusu ya jibu iliyobaki

Miaka 86 baada ya kifo chake, mwaka 1996, watafiti wawili nchini Marekani, Matthew Waldor na John Mekalanos, walionyesha kwamba maagizo ya kutengeneza sumu ya kipindupindu si mali ya bakteria mwenyewe. Ni mali ya kirusi kinachoishi ndani yake.

Usishangae. Bakteria nao huugua. Kuna virusi ambavyo haviwezi kabisa kumwambukiza binadamu, kazi yake ni kuingia ndani ya bakteria. Vinaitwa bakteriofaji. Vingine humpasua bakteria na kumuua. Vingine huingia kimya, vikajipachika kwenye chembe za urithi za bakteria, na kukaa humo. Bakteria akigawanyika na kuwa wawili, kirusi nacho kinanakiliwa. Ni kama mpangaji aliyehamia na mzigo wake, kisha watoto wote wa mwenye nyumba wakazaliwa wakiwa na mzigo huo.

Mzigo wa kirusi hiki ni sumu. Bakteria wa kipindupindu asiye na kirusi hicho anaweza kukuharisha kidogo, au asikufanye kitu. Aliyekibeba anakuwa na silaha. Sumu ikifika kwenye utumbo mwembamba, hufungua milango ya chumvi kwenye seli na kuilazimisha ibaki wazi. Chumvi inatoka, maji yanaifuata. Ndiyo maana mgonjwa hutoa choo kama maji yaliyooshewa mchele, lita baada ya lita, na anaweza kufa ndani ya saa chache kwa kuishiwa maji.

Kuna jambo jingine la kutisha. Bakteria anapofika tumboni huotesha vinyweleo vya kumsaidia kujishikiza. Vinyweleo hivyohivyo ndivyo mlango ambao kirusi hutumia kuingilia. Majaribio kwa panya yalionyesha kwamba kirusi huhama kwa urahisi zaidi kutoka bakteria mmoja kwenda mwingine wakiwa ndani ya utumbo. Maana yake, tumbo linaweza kuwa mahali ambapo bakteria mpole anapewa silaha.

Hapo ndipo swali la maji ya babu linapopata jibu lake. Mto unaweza kuwa na bakteria wapole miaka mingi. Siku moja anapita msafiri aliyembeba bakteria mwenye sumu, pengine bila yeye mwenyewe kuumwa. Anajisaidia porini, mvua inasomba, na mto ni uleule, rangi ileile, ladha ileile. Kilichobadilika hakionekani kwa macho. Mwaka 2015 mlipuko ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti ulisambaa katika mikoa mingi ya nchi yetu, Nyanda za Juu Kusini zikiwemo, kwa kufuata watu na safari zao.

Si kipindupindu peke yake

Utumboni mwako kuna bakteria waitwao E. koli. Walio wengi hawana madhara. Lakini wapo waliobeba kirusi chenye sumu ya aina nyingine, ambayo husababisha kuharisha damu na kwa baadhi ya watoto huharibu figo. Mara nyingi hutoka kwa ng'ombe, ambaye mwenyewe haumwi. Kirusi hiki hulala ndani ya bakteria, na bakteria akisumbuliwa, kwa mfano na baadhi ya antibiotiki, kinaweza kuamka, kikampasua na kumwaga sumu zaidi. Ndiyo sababu mojawapo tunakuomba usikimbilie duka la dawa kununua antibiotiki kila unapoharisha.

Ufanye nini?

Huwezi kumtazama bakteria ukajua kama amebeba kirusi au la. Kwa hiyo zuia wote.

1. Chemsha maji ya kunywa mpaka yatokote kabisa, au tumia vidonge vya klorini kwa kufuata maelekezo. Ukiishi juu ya mita 2,000, kama baadhi ya vijiji vya milima ya Uporoto, acha maji yaendelee kutokota kwa dakika 3, kwa sababu huko maji hutokota kabla joto halijawa kali sana. Yahifadhi kwenye chombo safi chenye mfuniko.

2. Tumia choo, na kinyesi cha mtoto kitupwe chooni pia. Watu wengi walioambukizwa kipindupindu hawana dalili, lakini wanaweza kutoa bakteria kwa siku 1 hadi 10.

3. Nawa mikono kwa sabuni na maji tiririka baada ya kutoka chooni na kabla ya kula au kupika.

4. Chemsha maziwa, na pika nyama mpaka iive hadi ndani.

5. Mtu akianza kuharisha maji mfululizo, anza kumpa ORS palepale. Kama huna pakiti, changanya lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi. Sukari haiwekwi kwa ajili ya utamu: sumu hufungua milango ya kutoa chumvi, lakini kuna mlango mwingine wa kuingiza chumvi pamoja na sukari ambao sumu hiyo haiufungi. Maji hurudi mwilini kwa kupitia huo.

6. Mpeleke zahanati au kituo cha afya mara moja huku akiendelea kunywa. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Mhudumu ndiye atakayeamua kama anahitaji dripu, antibiotiki, au vidonge vya zinki kwa mtoto.

7. Toa taarifa kwa mhudumu wa afya wa jamii au kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa. Kuugua kipindupindu si aibu. Kukificha ndiko kunakowapa majirani ugonjwa.

Mgonjwa wa kipindupindu akirudishiwa maji mapema, karibu kila mara hupona: kati ya wagonjwa 100 wanaotibiwa vizuri, hafi hata mmoja. Usisubiri kesho.